Tairi la Kushoto Huvimba Jioni

11 Januari

Mdogo wangu,

Barua hii haina salamu ndefu. Zile zenye salamu ndefu umekuwa ukizinyamazia, na sikulaumu. Nina jambo moja tu la kukuarifu: Jumamosi ijayo nitaliwasha gari la baba.

Lipo palepale kwenye banda la nyuma, lilipoingizwa wiki ile tuliyomzika mzee. Jana nimefungua mlango kwa tabu, maana bawaba zimeliwa na kutu. Vumbi limejaa mpaka ile rangi ya krimu huioni. Tairi zote nne zimelala, limekaa juu ya rimu kama kuku anayeatamia. Betri mpya ninayo. Jirani yangu, mama mshona nguo ambaye cherehani zake huzifungua na kuzifunga mwenyewe, amesema atanisaidia kuunganisha nyaya. Petroli nadhani iliyobaki kwenye tangi itatosha kuliamsha. Nakumbuka lilikuwa nusu.

Nimeona si vizuri ukasikie kwa watu. Wewe ndiye uliyekuwa ukilala chini yake na baba wakati mimi nimekaa na vitabu.

Ndugu yako,
Mkalimani


16 Januari

Kwa Mkalimani,

Usiliwashe.

Usitie ufunguo, usifunge betri, na huyo mama mshonaji mwambie arudi kwenye vitambaa vyake. Injini iliyolala miaka yote hiyo haiamshwi kwa stata. Pistoni zimeshikana na kuta za silinda. Ukizilazimisha zitavunja ringi, na hapo hata mimi sitakuwa na la kufanya. Na hiyo nusu tangi unayojivunia si petroli tena, imekuwa gundi. Kainuse.

Nisikie vizuri. Gari silitaki, wakati wa kulitaka umepita. Injini ile nimeishusha na mzee kwa mikono hii, na siku ya matanga, watu wote wamekaa, ukatia ufunguo mfukoni mwako ukasema mambo ya magari tutayazungumza baadaye. Nikangoja hiyo baadaye mpaka nikachoka, nikaja huku nikafungua karakana yangu. Sasa nakusaidia kwa sababu siwezi kukaa kimya huku kitu alichokitengeneza baba kinauawa na mtu msomi.

Masharti ni haya. Tutaandikiana kuhusu gari na gari tu. Usiniulize habari zangu, usinisimulie zako. Simu usipige, hapa kuna kelele, na sauti yako sina hamu nayo. Siku litakapotoka bandani kwa nguvu zake, tumemalizana, kila mtu ashike njia yake.

Ukikubali, anza hivi. Toa plagi zote nne. Katika kila tundu mimina oili kidogo, kifuniko kimoja cha chupa. Liache wiki nzima, usilichungulie. Kisha tafuta nati kubwa iliyo mbele ya injini, chini, katikati ya puli, lile gurudumu linalozungusha mkanda wa feni. Ishike kwa spana ndefu uizungushe polepole, kama unamgeuza mgonjwa kitandani. Ikikataa usipigane nayo. Ongeza oili, ungoje tena.

Fundi


4 Februari

Mdogo wangu,

Nimekubali masharti.

Mama mshonaji hakurudi kwenye vitambaa vyake. Nilimsomea maagizo yako, akasema fundi anayeanza barua kwa neno moja ndiye fundi wa kweli, akapandisha mikono ya gauni. Plagi tatu zilitoka bila maneno. Ya nne alibishana nayo tangu asubuhi mpaka chai ya saa nne, akiitukana kwa heshima, kama mtu anayemtukana mkwe. Tulimimina oili tukangoja. Mara ya kwanza nati ilikataa. Tukaongeza, tukangoja tena. Jana ameizungusha. Ilitoa mlio mdogo, mkavu, kisha ikaenda robo, ikaenda nusu, ikamaliza mzunguko. Akaniita niweke mkono wangu juu ya wake nisikie. Nilisikia.

Huku kwetu siku hizi jioni zinakuwa

Samahani. Hiyo si gari.

Ndani ya kiti cha nyuma panya walikuwa wameweka makazi. Wamehama wenyewe baada ya kumsikia mama.

Tufanye nini sasa?

Ndugu yako,
Mkalimani


13 Februari

Kwa Mkalimani,

Huyo mama ana mkono. Mwambie nimesema.

Sasa mfanye haya kwa utaratibu, msiruke hatua. Mwaga oili yote ya zamani, tia mpya, badilisha na chujio. Tangi lishusheni, lioshwe mpaka maji yatoke meupe, likauke juani. Paipu ya mafuta ipulizeni. Kabureta ifunguliwe juu ya shuka jeupe ili kisipotee kitu. Mshona nguo anajua vitu vidogo vinavyopenda kukimbia. Rejeta itie maji, uone inavujia wapi. Mipira yote iliyopasuka, tupa, hata kama inaonekana inaweza kuvumilia. Mpira haujui kuvumilia.

Tairi ununue mpya zote nne.

Halafu breki. Hapa nataka usome taratibu. Gari lisilowaka halijaua mtu. Linaloua ni lile lisilosimama. Breki za nyuma zitakuwa zimeshikana na ngoma zake. Fungua magurudumu, gonga ngoma kwa nyundo ya mbao kuzunguka pembeni mpaka ziachie. Mafuta ya breki mwaga yote. Kabla gari halijasogea hata hatua moja, mtu akanyage pedali na mwingine aangalie chini kama kuna kinachovuja. Halafu akanyage tena, na tena.

Usinijibu mpaka yote yaishe.

Fundi


29 Aprili

Mdogo wangu,

Yote yamekwisha, na limewaka. Lakini bado halijatoka bandani, kwa hiyo bado tuna neno.

Tatizo ni hili. Asubuhi linachukua muda kuamka. Likiamka linakohoa, kikohozi kikavu, mfululizo, kisha linatulia kana kwamba halikuwa na neno. Mchana ni zima. Tukijaribu kulisogeza kwenye kile kilima kidogo cha mlangoni linaishiwa pumzi. Si kwamba linazimika. Linasimama, linatweta, likipumzika kidogo linaweza tena. Mama mshonaji anasema ni uzee. Nimemwambia uzee si ugonjwa, tungoje jibu la fundi.

Ndugu yako,
Mkalimani


8 Mei

Kwa Mkalimani,

Kukohoa asubuhi ni choki au ni mchanganyiko, hewa nyingi mafuta machache. Kuna skurubu mbili kwenye kabureta. Ile ndogo ifungue robo, usizidishe. Kuishiwa nguvu mlimani huenda ni pampu ya mafuta, haisukumi vya kutosha. Utando wake wa ndani ni mpira, na umekaa mkavu muda mrefu. Ubadilisheni. Ila hilo neno lako la kutweta sijalielewa. Gari huwa linakosa, linarukaruka, linazimika. Eleza vizuri.

Mzee alikuwa akisema gari likikohoa usiliulize linaumwa nini, liulize limekula nini. Nilikuwa nacheka mpaka nagonga kichwa kwenye bomba la moshi. Hii bado ni habari ya gari, usije ukadhani vingine.

Fundi


3 Juni

Mdogo wangu,

Tumefanya ulivyosema, na pampu tumeifungua. Kikohozi kimebaki. Naona kuna mambo mengine yameongezeka, nayaandika yalivyo, bila kuongeza wala kupunguza.

Tairi la mbele la kushoto huvimba jioni. Asubuhi liko sawa, kufika magharibi limejaa, na ukilibonyeza kwa kidole, alama ya kidole inabaki pale kwa muda kabla ya kujaa tena. La kulia nalo limeanza, lakini halijafikia mwenzake.

Pili, gari halitulii likilazwa sawasawa. Linakoroma na kulalamika. Nimelazimika kuliinua upande wa mbele kwa tofali moja, na ikasaidia. Baadaye likataka mawili. Sasa ni matatu.

Tatu, linavuja maji usiku, kidogo kidogo, mara nyingi, hata kama mchana halikupewa mengi.

Sidhani kama litatoka bandani hivi karibuni. Usichoke kuniandikia.

Ndugu yako,
Mkalimani


12 Juni

Kaka,

Nakusimulia kilichotokea hapa, na masharti yangu nimeyavunja mwenyewe kwa mstari huu.

Barua yako ilifika Jumatano. Nikaisoma peke yangu, nikaona ni upuuzi mtupu, tairi gani inabonyezwa ikabaki shimo? Wakati wa chai nikaisoma kwa sauti mbele ya vijana wa karakana wapate kucheka, na kweli walicheka. Mnyoosha bodi akasema hilo gari halihitaji fundi, linahitaji kuombewa. Fundi umeme akasema likizaa wamwekee mmoja. Nami nilikuwa nacheka zaidi ya wote.

Kwenye benchi alikaa mteja, daktari mmoja mama mtu mzima, anangoja tumalize breki zake. Hakucheka. Akaniomba nirudie tangu mwanzo, polepole. Nikarudia. Nilipofika kwenye matofali akanikatiza.

"Huyo mgonjwa ana umri gani?"

Nikamwambia si mgonjwa, mama, ni gari la marehemu baba yangu. Akasema amesikia. Akauliza kama kuna barua nyingine kabla ya hii. Nilikuwa nayo mfukoni, ile ya kukohoa na kutweta. Akaisoma mwenyewe akiwa amesimama, akanirudishia.

"Na mwenye gari anaishi na nani?"

Kaka, kijana mmoja alikwenda akaizima redio. Nimesimama katikati ya karakana yangu nimeshika barua ya ndugu yangu, nasema sijui.

Akasema matofali ni mito. Akasema moyo ukichoka ndivyo unavyofanya, maji yanashuka miguuni mchana, na usiku mtu hawezi kulala chali. Akasema mengine ambayo sitayaandika.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umeyaficha chini ya boneti. Niambie kama amekosea. Niambie leo.

Mdogo wako


20 Juni

Mdogo wangu,

Daktari wako hakukosea. Msalimie, na umwambie wa kwangu alihitaji mashine mbili na siku nyingi kusema alichokisema yeye akiwa kwenye benchi anangoja breki.

Sasa nivumilie, kwa kuwa nguvu za kuandika barua hii nimezikusanya kidogo kidogo, kama mtu anayeokota kuni na mvua inakuja.

Gari linatembea. Lilitoka bandani tangu Aprili, kabla sijakuandikia habari za kikohozi.

Ilikuwa Jumapili. Mama mshonaji ndiye aliyeshika usukani, maana mimi, kama ujuavyo, sijawahi kujifunza. Alivaa miwani yake ya kushonea, akavuta kiti mpaka tumbo likagusa usukani. Nilikaa kando yake nimevaa koti. Tukapita duka la vioo, tukapita kwa kinyozi, na kinyozi akatoka nje na mteja wake mwenye povu nusu ya uso, wote wawili wakasimama kututazama. Mama hakubadilisha gia hata mara moja. Nilipomuuliza, akasema hiyo ya kwanza anaijua, zile nyingine hawajatambulishwa. Mwisho wa barabara tukageuza, mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka wapita njia wakaanza kutoa ushauri, kila mmoja wa kwake. Tukarudi. Breki zilishika vizuri.

Nilipoingia ndani nilichukua karatasi. Nikaandika tarehe, nikaandika "Mdogo wangu, limetembea", nikaweka kalamu chini. Niliutazama ule mstari jinsi ulivyo mfupi, na kwamba baada yake sina ruhusa ya kuandika mwingine. Nikaichana.

Kazi yangu unaijua. Maisha yangu yote ya utu uzima nilisimama mahakamani kati ya hakimu na mshtakiwa, nimeapa kutoongeza neno wala kupunguza. Mwizi akisema "niliiba", nami nasema "niliiba". Mjane akisema "nimebaki peke yangu", nami nasema "nimebaki peke yangu" kwa sauti yangu hii, ya wazi, ili karani asikie, kisha nakwenda kunywa chai. Mtu aliyeishi hivyo hajui kutunga. Nilihitaji gari bovu, na gari nililokuwa nalo mmelitengeneza mkalimaliza. Nikatazama huku na huku nitafute kitu kibovu cha kutafsiri. Kilichokuwa karibu ni mimi.

Kikohozi ni changu. Kilima cha mlangoni kipo, ninayetweta ni mimi nikirudi dukani. Mguu wa kushoto ndio uliotangulia kuvimba, wa kulia unafuata. Mito ni mitatu, na naiona ya nne kwa mbali. Kila jibu ulilonipa nililisoma mara nyingi. Uliposema utando wa pampu ni mpira na umekaa mkavu muda mrefu, nilicheka peke yangu chumbani, kwa sababu daktari wangu alikuwa amesema karibu maneno hayohayo, ila yeye hakuwa na utando wa kubadilisha. Amenipa dawa. Zinanipa muda, na kiasi cha muda huo hakukitaja, nami sikuuliza.

Kuna uongo mwingine wa kabla ya huo. Ile Jumamosi ya Januari haikuwepo. Sikukusudia kuliwasha gari. Hata mimi nilijua haliwashwi hivyo. Masikio nilikuwa nayo nilipokuwa na vitabu. Wiki hiyo nilikuwa nimetoka kwa daktari. Wifi yako alipofariki nilikuandikia, na hiyo ndiyo ilikuwa barua ya kwanza uliyoinyamazia, na nyingine zote zilifuata njia yake. Nikakaa nikafikiri, kitu gani kitamfanya huyu mtu ashike kalamu? Habari za kifo changu zisingetosha. Nilijua kwamba ukisikia gari la baba linatiwa ufunguo utaandika siku hiyohiyo. Nikakutishia, kama mtu anayemshika mtoto wa watu akamwekea kisu. Na wewe ukajibu kwa neno moja, nikafurahi kupita kiasi, Mungu anisamehe.

Lililobaki ni ufunguo. Nimelitafutia maneno mazuri nikayakosa, basi nasema vibaya vibaya. Sikulitaka gari. Ninachokumbuka cha utoto wetu ni miguu. Natoka shule, nakuta miguu miwili mikubwa na miwili midogo imetoka chini ya gari, na sauti zenu huko chini, mnaongea, mnacheka, baba anaongea na wewe mambo ambayo mezani hakuwa nayo. Nasimama pale na mkoba wangu. Nasalimia. Miguu inajibu. Siku waliponikabidhi ule ufunguo kwa sababu mimi ndiye wa kiume, nilijua ni wako, kila aliyekaa pale alijua. Nikautia mfukoni ili angalau siku moja na wewe usimame nje usikie mambo yakiendelea bila wewe. Siku hiyo moja ikaniponyoka, ikawa umri mzima.

Sikuombi uje. Nakwambia ninachokiogopa ili ujue tu, maana nimechoka kumwambia ukuta. Kufa sikuogopi sana. Naogopa kufa Jumatatu nikagunduliwa Alhamisi. Mama mshonaji ana funguo za banda, za nyumba nimeona haya kumpa.

Neno letu lilikuwa likitoka bandani tumemalizana. Limetoka. Hulazimiki kujibu.

Kaka yako


27 Juni

Kaka,

Barua yako nimeisoma mara moja na sitairudia. Mnyoosha bodi aliponiuliza gari linaendeleaje nikamwambia limepona, nikaenda kusimama nyuma ya karakana kwenye vyuma chakavu mpaka waliponiita.

Nimekasirika, nataka ujue hivyo. Miezi mitano nakutumia maagizo ya kabureta, natafuta na kufikiri, nimelala naiwaza hiyo pampu, kumbe pampu yenyewe imo kifuani mwako. Ungesema. Kisha nikajiuliza, ungesema vipi, mimi nilikuwa nimekukataza.

Mpe mama mshonaji ufunguo wa nyumba. Leo, kabla hujamaliza kusoma. Na mwambie aache kuliendesha kwa gia ya kwanza, ataunguza injini.

Kuhusu huo ufunguo mwingine, sijakusamehe. Sitaki nikudanganye kwa kuwa unaumwa. Ila kumkasirikia mtu aliye mbali ni kazi nyepesi mno, nimeifanya miaka yote hii bila kutoka jasho. Ngoja nije niifanye nikiwa hapo.

Nakuja na basi la Jumatano. Usije kituoni, usipande kilima chochote. Kaa juu ya matofali yako unisubiri.

Mdogo wako


21 Julai

Mdogo wangu,

Umeondoka siku chache tu zilizopita na nyumba imesahau haraka. Banda liko wazi. Sikumruhusu mama mshonaji alifunge, nimezoea sasa kutazama ndani na kuona sakafu. Asubuhi jua linafika mpaka ukutani, jambo ambalo sikulijua.

Nimekaa hapa tangu saa nne na karatasi hii, na kumbe sijui kukuandikia. Tangu Januari nilikuwa nikikuandikia gari. Ulipokuwa hapa hatukuwa na shida, ulikuwa na kazi zako, mlango wa jiko, bomba la bafuni, kitanda changu ulichokiinua kichwani kwa mbao nisihitaji mito. Tulikaa jioni nzima bila kuzungumza, na nilikuwa nasikia vizuri kabisa. Ile siku uliyomfundisha mama gia ya pili akapiga vigelegele, na kinyozi akatoka tena nje, nilicheka mpaka mkasimamisha gari kuniangalia. Sijui kama ulinisamehe. Sikukuuliza, kwa kuogopa kwamba ungejibu.

Na asubuhi ya kuondoka, ulipoingia ndani ya gari ukasema unalichukua tu ukaliangalie hilo tairi linalovimba, halafu utalirudisha. Mimi nikasema haya, usikawie nalo. Tunajua kwamba halirudi. Lilipopinda kona lilikuwa linaunguruma vizuri, gia ya pili, ya tatu. Nilibaki kwenye kiti mlangoni mpaka mama akaja kuniuliza kama nimekunywa dawa.

Dawa nakunywa. Miguu yote miwili sasa imevimba sawasawa. Usiku wa jana ulikuwa mrefu, leo ni afadhali. Mama anafungua mlango kila asubuhi bila kubisha, anasema "upo?", nasema nipo, anakwenda zake kushona.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya hayo. Kuna jambo nimeliona.

Siku ile ya mwisho ulipokuwa ukikaza nati za magurudumu, ulishika spana kwa mkono wa kushoto. Nikafikiri ni kwa namna ulivyochuchumaa. Mezani nikakuona umeshika kikombe kwa kushoto. Mlango, kushoto. Sahani ya supu ulinyanyua kwa kushoto ikakuyumba, ukasema ni moto. Na ulipoagana na mama mshonaji ulimpa mkono wa kushoto, ukamwomba radhi, ukasema wa kulia una grisi. Ulikuwa umetoka kunawa. Nilikupa taulo mwenyewe. Wa kulia ulikuwa mfukoni, na haukutoka humo mpaka ulipoketi nyuma ya usukani ukauweka juu ya gia kama mtu anayeweka kitu cha kuazima.

Maisha yangu yote niliwasikia watu wakisema hili na kuficha lile, na kazi yangu ilikuwa kutouliza. Nimestaafu.

Tulipokuwa tukiandikiana ulinikataza kuuliza habari zako, nami nilitii vizuri mno. Nimekuwa na wewe siku kumi ndani ya nyumba moja, tukazungumza moyo wangu, mguu wangu, mito yangu, na sijakuuliza hata kitu kimoja. Sijui unalala saa ngapi. Sijui nani anakupikia ukiumwa, kama yupo. Sijui kule kwako mlango wako anaufungua nani asubuhi aseme "upo?"

Niandikie. Habari za gari zitangoje. Mkono wako wa kulia una nini?

Kaka yako